Alama Aliyoisahau Saidi

Mjukuu wangu Neema,

Wengi hukosea ulipokosea: kupata jumla ya majibu ya mlinganyo wa x², husahau kugeuza alama ya namba iliyo mbele ya x. Bibi yako hajambo, mvua bado.

Enzi za Mwingereza nilisoma na Saidi wa Kondoa. Jioni moja alikuwa na mtihani kesho yake; akifeli, anarudi kuchunga. Tuliandika mchangani x² − 7x + 12 = 0.

“Hasi tatu, hasi nne,” akasema. “Jumla hasi saba. Umeona, Mgogo wewe?” akanitania.

“Haya, weka hasi tatu penye x,” nikamwambia.

Akapata arobaini na mbili, si sifuri. Akafuta kwa kiganja. Tatu na nne zikakubali: jumla saba, zao kumi na mbili, kwani mlinganyo ulitokana na (x − 3)(x − 4).

Alifaulu, akawa mwalimu. Juzi tumemzika; wanafunzi wake wenye mvi walibeba jeneza.

Leo, weka kila jibu lako penye x, uone kama linaleta sifuri.

Babu yako, Kikuyu, Dodoma