Chumvi ya Mama

Kaka mpenzi,

Huku tunaendelea vizuri, na paa halivuji tena. Ila mama alilazwa. Tangu aache chumvi kwa ajili ya presha, kama ulivyomshauri, mikono ilimtetemeka, mwisho hata mimi akanisahau.

Daktari alinionyesha jedwali la elementi. "Lithiamu ya dawa yake ya akili iko safu wima moja na sodiamu ya chumvi. Zote zina elektroni moja ya nje, ndiyo maana zinafanana tabia. Mwili ukikosa sodiamu, figo hung'ang'ania lithiamu, nayo ikizidi ni sumu."

Sasa ananitambua. Amenikataza nisikuambie: "Mwanangu atajilaumu bure."

Mpigie, kaka. Usimwombe radhi, atajua nimesema. Muulize tu kama amekula.

Mdogo wako