Cambridge au London, Mama Hakuulizwa

Crystal, Minnesota
14 Februari 1996

Kaka Naftali,

Bwana asifiwe. Hamjambo nyote hapo Nakuru? Mgongo wako unaendeleaje, na Joan mke wako, ile presha yake imetulia? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma mpaka meno. Gari linakataa kuwaka, na hospitali yangu kule Saint Paul hawataki kusikia habari za gari.

Neno langu ni moja. Mwanangu Wambui aende shule ya mtihani wa Cambridge, ile ya bweni kule Nairobi. Mtoto wa Dorah, Mtanzania ninayefanya naye kazi wodini, alifanya Cambridge, na alipofika hapa hakurudishwa darasa. Tena kwenye masomo mengine wanahesabu na kazi za darasani, kwa hiyo mtoto akiugua siku ya karatasi hajapoteza kila kitu. Amalize, nimlete huku. Mpeleke muhula ujao. Usiulize watu wa kanisani wala usiitishe mkutano.

Dada yako,
Rahab


Nakuru
9 Machi 1996

Mpendwa dada Rahab,

Salamu zako zimefika, nasi tunamshukuru Mungu tuko salama. Mgongo ni ule ule. Joan anakula bila chumvi na kutulaumu sisi tunaokula nayo. Barua yako ilisomwa baada ya chakula, kama kawaida ya nyumba hii, na aliyeisoma ni mama mwenyewe, kwa sababu miwani yangu imevunjika.

Umechelewa. Wambui ameanza masomo ya mtihani wa London tangu Januari, shule ya kutwa ya Mwalimu Gregory, hapa hapa mtaani. Anatoka asubuhi, jioni yuko nasi mezani. Nimeuliza, na London inajulikana duniani kama hiyo Cambridge. Na jambo jingine unalijua vizuri: msichana huyu amebeba jina la marehemu mama yetu. Mimi namwita mama, nawe umemwita mama tangu siku uliyomzaa. Mama sitampeleka bweni akalale na watu nisiowajua, eti kwa sababu ya mtoto wa Dorah.

Kaka yako,
Naftali


Crystal
2 Aprili 1996

Kaka,

Nakusalimu kwa sababu nililelewa vizuri. Kama mko wazima, sawa.

Nani alikupa ruhusa? Tangu Januari! Na Januari hiyo hiyo uliniandikia kurasa mbili juu ya ng'ombe aliyezaa. Hukupata hata mstari mmoja wa kuniambia umemwingiza mtoto wangu London?

Usinifundishe habari za majina. Nimemzaa mimi. Wewe uliachiwa umtunze, hukuachiwa umgeuze wako kwa kuwa wewe na Joan hamkujaliwa. Eti shule ya kutwa. Sema tu unataka akae hapo akuchemshie chai. Tena Wambui kwenye hesabu kichwa chake ni kizito, namjua. London kila kitu ni karatasi ya mwisho, na karatasi hiyo itammaliza. Mtoe.

Rahab


Nakuru
1 Mei 1996

Rahab,

Hatujambo, kama unataka kujua.

Umesahau umekulia nyumba gani? Hapa barua ya ng'ambo inasomwa kwa sauti, wote wakiwa wamekaa. Ndivyo baba alivyotuzoesha. Basi Wambui alisimama karibu na taa akasoma. Alifika hapo pa mimi na Joan kutojaliwa, akasoma. Alifika hapo pa kichwa chake kizito, akasoma. Hakuruka hata neno. Alipomaliza akaikunja, akaniwekea mapajani. Joan aliondoa vyombo, na mpaka leo hasemi nami, utadhani niliyeandika ni mimi.

Nina hasira, kalamu inatoboa karatasi. Unataka kutumiwa mtoto kama kifurushi, amefungwa tayari na cheti juu. Karatasi zako za kukaa huko ulizipata mwaka juzi. Wewe mwenyewe ulituandikia kwamba sasa unaweza kusafiri na kurudi. Tukapaka nyumba rangi. Hukuja. Usinitume tena kwa mama. Njoo umwambie mwenyewe.

Naftali


Crystal
20 Julai 1996

Kaka Naftali,

Hamjambo? Mbona kimya? Nimeandika Mei, nimeandika Juni, sijibiwi. Joan mwambie lile neno lilinitoka vibaya, anisamehe.

Lakini habari za kuja usinirushie usoni. Asubuhi niko darasani, jioni nageuza wagonjwa. Nikiomba ruhusa ya mwezi mmoja, nafasi yangu ya masomo ya uuguzi anapewa mtu mwingine. Mnadhani nakaa huku nikitazama theluji? Nampigania mtoto huyo peke yangu, na nyinyi mmenifanya adui.

Nimewaandikia wale wa Nairobi. Wana nafasi Septemba. Mpeleke Cambridge. Usipompeleka, mimi na wewe tumeachana, nisikusikie tena.

Rahab


Nakuru
18 Agosti 1996

Mwanangu Rahab,

Hujambo? Unakula vizuri? Gari linawaka? Hapa sote tu wazima. Joan amekusamehe, ila chumvi sasa hata sisi hatupewi.

Usishangae. Wewe na Naftali mnaniita mama. Mkifurahi mimi ni mama, mkikasirika mimi ni meza ya kugongea ngumi. Nimesoma barua zako zote kwa sauti mbele ya watu, na za Naftali nimezipeleka posta mimi. Mmeandika Cambridge, mmeandika London, na hata mmoja wenu hajaandika, "Hebu tumuulize." Jana nimemwambia Naftali akae chini, akakaa. Sasa kaa na wewe.

Nairobi siendi. Nitafanya London. Si kwamba Naftali ameshinda. Yeye pia alikosea, naye nimemwambia hivyo mpaka akainama. Nimeshasoma nusu, na nikihama nitaanza vitabu vingine upya. Mtihani ni wangu, na wa kufeli ni mimi.

Umesema kichwa changu kwenye hesabu ni kizito. Umejuaje? Ripoti yangu ya mwisho uliyoishika mkononi ilikuwa ya darasa la pili. Mwaka huu hesabu nimekuwa wa kwanza. Nilisoma maneno yako mbele ya Joan na sikulia, lakini yaliniuma, na bado yananiuma.

Mtihani ni Mei mwaka kesho, majibu yatatoka Agosti. Bahasha hiyo sitaifungua, na Naftali haifungui. Utaifungua wewe, hapa sebuleni, usome kwa sauti, wote tukiwa tumekaa. Usipokuja itabaki imefungwa, na huko kwenu sitakuja.

Ningekuwa mwanao, ningekuomba. Lakini mimi ni mama yako, na sikuombi. Uje.

Mama yako,
Wambui