Mguu Uliokauka, na Jina Alilobebeshwa Shangazi

Mama,

Goti langu linakunjika. Naanza na hilo, maana najua ndilo ungeuliza kwanza. Bado halikunjiki lote, lakini Sabato iliyopita nilipiga magoti kanisani pamoja na wenzangu, mara ya kwanza tangu utoto. Sikusikia hata neno moja la maombi. Nilikuwa nakulilia wewe.

Baada ya kukuzika, Baba hakutaka kabisa kusikia habari za hospitali. Dada yake, Shangazi Kemunto, ndiye aliyemsumbua. Alisimama nje ya ua, kwa sababu tangu ulipomkataza hajawahi kuingia kwetu, akaita, "Ndugu yangu, utamwacha msichana azeeke na mguu kama mchi?" Mwishowe Baba akakubali, naye Shangazi akanipeleka Kisii.

Daktari alilibonyeza paja langu, akauliza kama nilichomwa sindano nyingi pale nilipokuwa mdogo. Mama, nilikumbuka. Nilikumbuka mgongo wako umelowa mvua, tukishuka kutoka Manga kwenda Keumbu kila homa iliponipanda, kwa yule dresa mzee, mhudumu wa tiba aliyechoma watu sindano za kwinini, dawa ya malaria, nyuma ya duka. Ulikuwa umeshazika watoto wawili kwa homa. Ulinishika kwa nguvu, ukaniimbia sikioni nisilie, na wewe mwenyewe ulikuwa unalia.

Daktari alisema dawa ile ni kali. Msuli ukichomwa tena na tena mahali pamoja hufa kidogo kidogo, nyama ikawa kovu, gumu kama kamba iliyokauka. Mtoto anakua, kovu halikui. Ndiyo maana goti langu liligoma kukunjika.

Shangazi hajui Kiswahili. Ilibidi nimweleze mimi, kwa Kikisii, na sikujua nianzie wapi. Miaka yote ile ulisema ni jicho lake baya. Kwamba alinitazama ukiniogesha, na mguu ukakauka. Mpaka wanawake wa kwetu wakawa wanawafunika watoto wao akipita njiani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakifungua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya. Kisha akasema, "Usimwambie mtu. Watasema mama yako ndiye aliyekulemaza. Mimi nimeshazoea."

Nimeshazoea. Mama, hivyo tu.

Walipolikata lile kovu, mguu ulitakiwa kukunjwa kila siku ili usikakamae tena. Maumivu yale sitaki hata kuyaeleza. Aliyenikunja ni yeye. Nilimtukana, nikamwambia aende kwake. Aliendelea kusukuma, jasho likimtiririka, akisema, "Vumilia, mwanangu, vumilia."

Niliporudi nyumbani nilimwambia Baba yote. Sikuweza kumtii Shangazi katika hilo. Baba alichukua fimbo yake ya kutembelea, akaenda mwenyewe kumleta. Shangazi alifika mlangoni pa jiko lako akasimama, hajui kama aingie. Nikamshika mkono. Alikula kidogo sana. Alipomaliza aliosha sufuria zako zote, hata zile zilizokuwa safi, na hakuna aliyemzuia.

Laiti mngepatana mkiwa hai wote wawili. Hilo ndilo linalonichoma.

Watakuwepo watakaosema uliniumiza. Nitawajibu kwamba bila kwinini ile labda ungenizika mimi pia, pale pale karibu na ndugu zangu. Hukujua. Dresa naye nadhani hakujua. Na yeyote atakayemfunika mtoto wake Shangazi akipita, nitamsimamisha hapo hapo njiani nimweleze habari ya paja langu, nimwonyeshe na alama.

Pumzika sasa, Mama. Nikijaliwa binti, ataitwa Nyaboke, jina lako. Akishikwa na homa nitaogopa kama ulivyoogopa, nitambeba na kukimbia naye hata kama ni mvua. Ila nakuahidi, kabla hawajamchoma, nitauliza ni dawa gani.

Mwanao,
Moraa