Brina alilia, baragumu halikulia

Ilva, upo? Oreste kampiga Brina risasi. Mume wangu, kampiga mbwa wake mwenyewe. Naandika haya na bado siyaamini.

Leo, wakiwinda, alikuwa kwenye nafasi yake kule korongoni. Kichaka kikatikisika, akadhani ni nguruwe mwitu.

Na hakwenda kumtazama, Ilva! Unaijua sheria ya msako: huondoki mahali pako kabla baragumu la kumaliza halijalia, usije ukapigwa na mwenzako. Basi akasimama pale, anamsikia analia. Akasimama tu.

Wenzake ndio waliombeba Brina mpaka nyumbani. Duilio, mmoja wao, alivua koti lake jipya akamfunika. Hakuna aliyetania.

Mimi nilimwogopa mjukuu wetu, Noemi. Jana tu mezani alisukuma sahani ya nyama. "Babu, ninyi ni wauaji." Oreste akamjibu, "Basi waambie hao nguruwe wako wasifukue mizabibu yangu, we mtetezi wao!" Nikajua leo atamwambia, "Si nilisema?"

Hakusema. Alipiga magoti akamvua babu yake buti zenye matope, taratibu kama anamvua mtoto. Kisha akamuuliza, "Babu, kwa nini hukumwendea?"

"Baragumu lilikuwa halijalia."

Noemi akamshika mguu.

Halafu Oreste akasema, "Alikuwa ananiita mimi, Noemi. Aliniita mpaka mwisho. Hakujua kuwa ni mimi niliyempiga."