Fainali ya Kikapu na Maziwa ya Jua

Jumatatu, 8 Septemba
Nimenyonyesha, nimefua nepi, nimeshona kola mbili darasani, zote kombo. Jioni mazoezi ya kikapu. Mwalimu alinichukua kwa urefu, akaniacha kwenye timu kwa shabaha. Shabaha niliipata shambani, kwa kurusha korosho kwenye ndoo bila kuinuka. Jumamosi fainali ya vyuo ya wanawake, hapa kwetu Masasi. Tunacheza na Newala. Nataka kushinda. Naona hata aibu kuandika ninavyotaka.

Jumanne, 9 Septemba
Ukuta wa stoo ya chuo una mabingwa wote, kwa rangi. Mwaka wa kwanza Masasi. Halafu Newala, Newala, Newala, mpaka rangi ikaisha wakaendelea kwa mkaa. Nikamwambia mama mkwe kwa fahari kwamba angalau wa kwanza ni sisi. Akacheka mpaka akakaa chini. Mwaka huo yeye alikuwa mpishi wa chuo. Lori la Newala lilikwama mchangani njiani, Makote, timu ikafika kesho yake. Kikombe tulishakabidhiwa, na chakula chao tulishakula.
Kwa hiyo ubingwa wetu mmoja tuliupata kwa kukaa.

Alhamisi, 11 Septemba
Balaa. Mama mkwe kasema sichezi. Sharifu ana miezi mitano, na mama akikimbia juani maziwa yanapata moto, mtoto anaharisha. Nikasema nitakamua ya kwanza nimwage. Akasema labda nimwage mpaka usiku. Na ndiye pekee wa kunishikia mtoto, baba yake yuko Lulindi kwenye korosho. Nimelia jikoni, nikasingizia kitunguu. Tulikuwa tunapika uji.

Ijumaa, 12 Septemba
Amekubali! Sharti: atakaa uwanjani na Sharifu, na nikitoka juani simgusi mtoto mpaka nipoe. Mpimaji yeye.
Newala wamefika. Wana mchezaji wanamwita Mnara. Getini alipita ameinama. Hamu ya kula imeniisha. Kwao kule juu maji ni ya shida, basi wapishi wetu, kwa utani, wakawauliza wamekuja kucheza au kuteka maji. Mnara akawajibu madumu wanayo, na kikombe watakitia humo humo.

Jumamosi, 13 Septemba
Sijui nianze wapi.
Nusu ya kwanza tuliongoza kwa pointi sita. Mnara mzito, mkono kaubana kifuani, haruki. Nikadhani nimemtisha. Halafu Sharifu akalia pembeni. Jezi yangu ikalowa maziwa palepale. Nikatazama, na ya Mnara imelowa. Kumbe naye ananyonyesha, kwao anaitwa Mama Rehema. Mtoto wa miezi saba kamwacha Newala tangu jana, kifua kimekuwa jiwe.
Mapumziko nikamkimbilia mwanangu. Mama mkwe akanigusa shingo, akasema bado nachemka. Mtoto analia. Mnara akaja, akapiga magoti, akamwamkia mama mkwe, akaomba amnyonyeshe yeye, maana anaumia. Nikauliza, na huyu si katoka juani vilevile? Mama mkwe akanitazama kama sijawahi kukaa darasani.
"Huyu wa Newala. Kule juu baridi. Maziwa yao hayapati moto upesi."
Akampa. Sharifu akanyonya kulia, akanyonya kushoto, akabeua, akalala. Mwalimu akashika kichwa.
Mnara akarudi uwanjani mwepesi kama karatasi. Anaruka, anacheka. Sasa mimi ndiye niliyejaa, kila nikiruka naona nyota. Dakika ya mwisho tuko sawa, nikanyanyua kiwiko nimzuie. Sauti ya mama mkwe ikatoka pembeni.
"Wewe! Huyo sasa ni mama wa mwanao!"
Nikashusha kiwiko. Akafunga.
Tumefungwa kwa kikapu kimoja. Na aliyewapa nguvu ni mwanangu wa kumzaa.

Jumapili, 14 Septemba
Hasira. Mama mkwe anazunguka kwa majirani: Sharifu na Rehema ni ndugu wa ziwa, hawaoani, mjukuu wake ana mama bingwa Newala. Hataji kwamba ana mama mwingine, wa hapahapa, aliyefunga pointi kumi na mbili.

Jumatano, 17 Septemba
Ukutani wameandika Newala. Mkaa tena.
Mama Rehema kapiga simu. Kauliza mwanawe wa Masasi analalaje. Kasema mwakani fainali ni kwao, watoto watakuwa wanatembea, hakuna mwenye kisingizio. Nimecheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi.
Nimefua jezi. Doa la maziwa halikutoka. Nimeianika nalo.
Sharifu amelala.