Bafu la Mabua Alilojenga Ponsiano

Morogoro

Mke wangu Oliva,

Hujambo, mama Kristina? Watoto wanakula na kugombana vizuri? Magoti ya mama yanasemaje na huo upepo wa Mwazye? Mimi mzima. Hapa joto mpaka sabuni inayeyuka mfukoni.

Barua yako nilianza kuisoma nimekaa. Kufika pale ulipoandika, "Ponsiano ametujengea bafu la mabua, sasa naoga bila kuchungulia njia," nikajikuta nimesimama. Oliva, tangu lini bafu la mke wa mtu likajengwa na muuza dagaa? Tena ukaongeza kwamba kalijenga refu kwa kuwa na wewe ni mrefu. Alikupima na nini?

Mwenzangu wa kazini, Mwanahamisi, akaniuliza, "Desderi, kuna msiba?"

Nikamwambia, "Kuna bafu," nikamsomea ulivyoandika juu ya jirani yetu Ponsiano.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Basi huyo si jirani, shemeji. Huyo anaanza na bafu, kesho anahamia jikoni!"

Sasa sikiliza kazi niliyopata. Mitumba niliiacha. Tangu serikali iruhusu biashara huria kila mtu anauza suruali, wavaaji wameisha. Nipo kwenye chuo kimoja, napasua mabua makavu ya mahindi kutafuta funza. Usicheke. Mtaalamu wetu wa wadudu anataka funza wa nchi ya baridi, kwa hiyo mabua yanakuja na lori kutoka kwetu Sumbawanga. Siku ya kwanza nilipasua moja, likatoa harufu ya shamba letu, nikasingizia vumbi limeniingia machoni.

Funza alikuwa ndani, mweupe, madoa yake yamefifia, hatikisiki. Nikamtupa. Mtaalamu akanikemea, "Mwokote! Hajafa huyo, amelala. Anasubiri mvua."

Kiangazi chote, Oliva! Hali chakula, hakui, amejikunja ndani ya bua. Mtaalamu anamtoboa mguu, anapata tone la damu, na wala si nyekundu, ni majimaji ya njano. Anasema humo kuna protini, zile zile za maharage ulizofundishwa kliniki. Funza anazijaza kwenye damu kabla ya kulala, kama sisi tunavyojaza ulezi ghalani. Mvua ikija anakunywa maji, anaamka, na akiba ile inamsaidia kujijenga upya mpaka anakuwa nondo. Nondo anaruka kwenda kutaga mayai kwenye mahindi machanga.

Nikamuuliza, "Na mabua yaliyojengewa bafu?"

Akasema, "Ndiyo nyumba yao nzuri kabisa. Kivuli, na maji ya kuoga ya kuwaamsha."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Kwa hiyo, mke wangu, vunja hilo bafu. Tandaza mabua chini juani, jua kali liwamalize humo humo, la sivyo shamba letu ndilo litaliwa. Hiyo ni elimu, muulize bwana shamba. Lakini nisikudanganye: hata kama kusingekuwa na funza hata mmoja, ningekwambia ulivunje. Ponsiano akiuliza, mwambie limekatazwa na wataalamu wa Morogoro. Mimi ni mtaalamu wa kupasua.

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Kabla mvua hazijaanza nitakuwa hapo nikufyatulie matofali, nikujengee bafu la mwanaume mwenye wivu, lenye mlango. Ponsiano asiguse hata udongo. Mpaka hapo oga ndani, kwenye beseni.

Na usidhani nimekusahau kwa kuwa siandiki sana. Nipo kama hao funza, kimya, lakini damu imejaa.

Mpe shikamoo mama. Msalimie kaka yako katekista, aniombee nipunguze hasira. Shangazi mpika pombe mwambie aniwekee ya ulezi. Ponsiano msalimie kwa mbali, ukiwa umevaa koti.

Mwanahamisi anasema wivu wangu umepita kiasi. Kweli, maana hata hao funza wa bafuni nawaonea wivu. Wamelala, sawa, lakini wamelala nyumbani.

Ni mimi mwenye bafu,
Desderi