Mshumaa wa Adari ya Pili

Tiberia,
21 Adari ya pili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti limepoa na zile ngazi hazikutesi kama wakati wa baridi. Sisi ni wazima. Bluma mdogo ameota jino la kwanza, na tangu liote hakuna aliyelala humu ndani. Nakuandikia huku namtikisa kwa mguu, kwa hiyo mwandiko unisamehe.

Nimeamua kuandika kwa sababu siku kumi sasa kwenye simu unanikatia kabla sijafika katikati.

Dada Hinda alikuja tarehe kumi na moja, siku tatu kabla ya Purimu, na vile vikeki vyake vya sikukuu. Alipoona mshumaa wa kumbukumbu ya Mama unawaka dirishani akashika kiuno, akaniambia, we Tirza, wa nini tena huo, Mama si tulishamkumbuka Adari ya kwanza, kama kwetu siku zote? Nikamjibu kwamba hapa tunafuata ya kina Nisim, na mwaka wenye miezi miwili ya Adari, kama huu, wao huwakumbuka marehemu wao katika ya pili. Akasema haya, mke wa Mmoroko. Nilijua hata stendi hatafika kabla ya kukupigia.

Ulichoniambia jioni ile sijakisahau. Ulisema leo nimehamisha mshumaa wa mama yangu, Pasaka nitakupakulia wali, na kwamba wewe meza ya Pasaka yenye wali huijui, kwetu ni mwiko, utakula kwa Hinda. Nisim alisikia, maana sauti yako, Baba, haihitaji spika. Akaendelea kumfuta mtoto pua. 

Baba, Nisim alinyamaza ili kunifichia aibu. Ukweli ni huu.

Ile Adari ya kwanza mshumaa ulikuwa tayari. Niliununua wiki nzima kabla, nikauweka juu ya friji. Bluma alikuwa na homa kwa siku ya tatu. Jua likizama, saa ya kuuwasha, nikaketi kumnyonyesha. Niliamka hapo hapo kwenye kiti alfajiri, mtoto anawaka moto. Siku nzima ikaishia kwa daktari, na mimi sikumkumbuka mama yangu hata mara moja. Mshumaa niliuona baada ya siku mbili, nikitafuta dawa, utambi wake bado mweupe. Nikakaa chini jikoni nikalia. Nisim ndiye aliyeniambia, nyamaza, kwa hesabu ya kwetu siku yake bado haijafika, mpe hiyo. Nikaidaka kwa mikono miwili.

Halafu Hinda alipouliza, nikaona heri niitwe mke wa Mmoroko kuliko wewe ujue kwamba nilimsahau. Siku ile ya Adari ya kwanza hukunipigia kuuliza kama nimewasha. Hujawahi kunishuku.

Basi nikasirikie mimi. Nisim usimguse, Baba, hilo nakwambia kwa heshima na silirudii. Wali utakuwepo, mama mkwe wangu hali Pasaka bila wali, lakini sufuria yake itakaa mwisho kabisa wa meza. Upande wako kutakuwa na viazi na ile supu ya Mama. Mto wako wa kuegemea usiku wa Pasaka nimeuvalisha foronya aliyoitarizi Mama mwenyewe. Usipokuja, mto huo utabaki bila mtu hadi tumalize kula, na nitamwonyesha Bluma ulikuwa wa nani.

Mwakani Adari ni moja tu, sitakuwa na pa kujificha. Uwe hapa jua likizama. Mimi nitashika kiberiti, wewe umshike Bluma.

Nisim anakusalimu, na mama yake pia, anauliza goti. Msalimie Hinda, mwambie vikeki vyake vilikuwa vitamu.

Ni mimi mwanao,
Tirza